Mpelelezi Aliyeamriwa Kujitafuta

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza habari za picha moja ya sinema iliyotolewa Marekani mwaka 1948, iitwayo The Big Clock, maana yake Saa Kubwa. Wako wasomaji wetu ambao hawajapata kuiona, na wengine huenda wasiione kamwe, si kitu. Habari yake yaweza kuelezwa kwa maneno kama hadithi yo yote, na ndani yake mna jambo ambalo mtu aliyepata kukaa katika baraza la wazee, au kusimama mbele ya hakimu kutoa ushahidi, atalitambua mara moja. Jambo lenyewe ni hili: yawezekana mashahidi kumi wakasema kweli tupu, kila mmoja aliyoyaona kwa macho yake, na kweli zao zikiisha kukusanywa pamoja zikamtia katika hatia ya kuua mtu ambaye hakuua.

Lakini kabla ya kuingia katika kisa, yafaa tuseme neno juu ya jamii ya picha hizi. Wakati wa vita kuu ya pili, Ufaransa ilipokuwa imeshikwa na Wajerumani, picha za Marekani hazikuingia nchini humo. Vita ilipokwisha zikaja nyingi kwa mara moja. Watu wa Paris, mwaka 1946, wakaona The Maltese Falcon, Double Indemnity, Laura na nyingine kama hizo, zote ndani ya muda mfupi, nao wakastaajabu. Waliona ya kuwa picha za Wamarekani zimegeuka tabia. Shujaa si mtu safi tena. Mji ni wa usiku na mvua. Mwenye mali si mwema, na mwanamke mzuri huenda akawa mtego. Mwandishi mmoja wa huko, Nino Frank, akaziita film noir, maneno ya Kifaransa yenye maana ya picha nyeusi, na jina hilo likashika hata leo.

Weusi huo si wa moyo tu, ni wa macho pia. Katika picha za kawaida mpiga picha huweka taa nyingi, moja mbele, moja kando, moja nyuma, ili uso wa mchezaji uonekane wote bila kivuli. Katika picha hizi taa nyingine huzimwa makusudi. Nusu ya uso yabaki gizani. Kivuli cha ngazi chalala ukutani kama vyuma vya gereza. Mtu aingia mlangoni nasi twaona kofia yake tu. Mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo alikuwa John F. Seitz, naye ndiye aliyepiga picha ya Saa Kubwa pamoja na mwenziwe Daniel Fapp. Tutaona karibuni ya kuwa giza hilo si pambo. Kisa chote kimesimama juu ya uso mmoja ambao haukuonekana.

Mwenye kuiongoza picha alikuwa John Farrow, mtu wa Sydney katika Australia. Mchezaji mkuu ni Ray Milland, mzaliwa wa Wales, ambaye alikuwa amekwisha pata tuzo ya Oscar kwa picha ya The Lost Weekend ya mwaka 1945. Adui yake ni Charles Laughton, Mwingereza mnene mwenye sauti laini ya kutisha. Mke wa shujaa ni Maureen O'Sullivan wa Ireland, ambaye kwa kweli alikuwa mke wa Bwana Farrow mwenyewe. Waliopata kuona zile picha za Tarzan za miaka ya 1930 watamkumbuka, maana ndiye aliyekuwa Jane, akaaye juu ya miti katika Afrika ambayo sehemu yake kubwa ilipandwa na kujengwa California.

Sasa tuingie katika kisa.

Picha yaanza usiku. Twaona kwanza mji wa New York na majumba yake marefu yenye madirisha ya mwanga; kisha jicho la kamera lasogea polepole, laingia ndani ya jumba moja, na humo twamkuta mtu mmoja amevaa vizuri, naye anajificha asionwe na mlinzi. Anajibanza ukutani. Anapanda, anafungua mlango mdogo, anaingia ndani ya tumbo la saa kubwa iliyo katika ukumbi wa jumba lile. Huko, kati ya mitambo, anafikiri moyoni mwake ya kuwa saa 36 tu zilizopita alikuwa mtu wa heshima katika jumba hilihili, akaingia kwa mlango wa mbele na kuamkiwa na kila mtu. Basi hadithi yarudi nyuma saa 36, nasi tukijua tangu mwanzo ya kuwa kila hatua ya mtu yule yampeleka ndani ya saa.

Mtu huyo ni George Stroud, mhariri wa gazeti liitwalo Crimeways, gazeti la habari za wahalifu. Gazeti hili halingoji polisi wamshike mwizi ndipo liandike; lina wapelelezi wake lenyewe, na mara nyingi huwatangulia polisi. Siri ya Bwana Stroud ni njia aliyoibuni mwenyewe. Polisi wakimtafuta mtu aliyekimbia, huuliza ana jeraha gani usoni, alikuwa na bunduki ya namna gani, ameonekana wapi mwisho. Bwana Stroud huuliza mambo ambayo wengine huyatupa kuwa hayana maana. Mtu huyu apenda kula nini? Hukusanya vitu gani? Husimama mbele ya madirisha ya maduka ya namna gani? Mtu aweza kubadili jina lake, nguo zake na mji wake, lakini hawezi kubadili anayoyapenda. Na kwa hayo hushikwa. Ni hekima ya msasi, ambaye haangalii nyayo tu, bali huangalia mnyama yule hunywa maji wapi.

Mwenye gazeti ni Earl Janoth, tajiri mwenye magazeti mengi, na jumba lote ni lake. Katika ukumbi wa jumba amesimamisha saa iliyotajwa, yenye kuonyesha wakati wa nchi mbalimbali za dunia. Janoth aiabudu saa. Katika mkutano na wahariri wake awaambia ya kuwa maisha ya mtu wa kawaida ni sekunde 2,081,376,000. Mwanafunzi mwenye kalamu aweza kuipima hesabu hiyo: siku moja ina sekunde 86,400, mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000, na ukigawanya utaona ya kuwa tajiri yule ampa mtu miaka 66 kamili, bila hata siku moja ya bure. Huyu ndiye bwana ambaye, akisikia taa imewaka siku kadhaa katika chumba cha kuwekea mifagio, aamuru atafutwe aliyeiacha akatwe mshahara. Hakasiriki wala hapandishi sauti. Apapasa sharubu zake kwa kidole na kutoa amri.

Bwana Stroud ana deni kwa mke wake, nalo ni fungate. Walipooana hawakupata kwenda fungate kwa sababu ya kazi, na mwaka baada ya mwaka kazi ikaizuia, hata mtoto wao wa kiume amekwisha kuwa mkubwa wa kusema na kuuliza. Safari hii tikiti za gari moshi zimekwisha nunuliwa. Siku ya safari Janoth asema hapana, kuna kazi. Stroud akataa, Janoth amfukuza, na kumtishia ya kuwa hapati kazi katika gazeti lingine lo lote nchini. Basi Stroud, mwenye hasira na furaha pamoja, aenda kunywa kidogo akingoja wakati wa gari. Hapo akutana na mwanamke mwenye nywele za dhahabu aitwaye Pauline York, ambaye ni hawara wa Janoth, naye pia ana uchungu wake na tajiri yule. Wakaongea. Kinywaji cha kwanza kikafuatwa na cha pili. Gari moshi likaondoka, mke na mtoto wamo ndani, Stroud hayumo.

Hapa twaomba msomaji aangalie kwa makini, maana usiku ule mtu mwenye akili ya kuwatafuta wengine atembea mjini akidondosha nyuma yake alama za namna ileile ambayo yeye huwafundisha wapelelezi wake kuziokota. Anywa kinywaji kikali cha kijani chenye mnanaa, ambacho si kila mtu hukiagiza. Ulevi wamtia katika mzaha, yeye na Pauline wazunguka wakitafuta saa ya rangi ya kijani. Katika duka la vitu vya kale aona picha iliyochorwa na Bibi Louise Patterson, mchoraji ambaye yeye humpenda sana na wengine hawamjui, akainunua, na aliyetaka kumpokonya bei ni Bibi Patterson mwenyewe, aliyekuja kununua kazi yake. Katika baa moja yeye na mwenziwe wapata saa ya jua, kile chombo cha chuma kinachoonyesha wakati kwa kivuli. Mwisho alala usingizi wa ulevi katika kiti nyumbani kwa Pauline. Zaidi ya hayo hakufanya.

Pauline amwamsha kwa haraka: Janoth anakuja. Stroud atoka, na alipo kwenye njia ya nje ya mlango, katika kivuli, Janoth atokea katika lifti. Stroud amwona Janoth wazi. Janoth aona umbo la mtu gizani, uso hauonekani. Ndipo tulipowaambia ya kuwa giza si pambo.

Ndani, wawili wale wagombana. Janoth amwuliza mtu yule alikuwa nani, na Pauline ataja jina la uwongo, Jefferson Randolph. Kisha amcheka tajiri, amtukana mambo ambayo mtu mwenye kiburi hawezi kuyavumilia, naye Janoth ashika kitu kilicho karibu na mkono wake na kumpiga nacho, akafa. Kitu hicho ni ile saa ya jua. Mtazamaji makini hakosi kuliona jambo hili: bwana wa saa kubwa ya mitambo, isiyojua kuchomoza wala kutua kwa jua, aua kwa saa ya kale ambayo haina kazi bila jua. Sisi tunaohesabu saa zetu tangu alfajiri tutalitambua upesi kuliko wengi.

Janoth akimbilia kwa msaidizi wake mkuu, Steve Hagen, mtu baridi asiyeshtuka. Hagen aenda kwenye maiti, aondoa kila kitu kinachoweza kumtaja bwana wake. Kisha washauriana. Yule mtu wa kivulini amemwona Janoth akiingia. Basi sharti apatikane kabla ya polisi kumpata. Akipatikana kwanza na wao, atakuwa yeye ndiye mwuaji, maana alikuwa na mwanamke yule usiku kucha. Na nani katika Amerika yote ajuaye kuwatafuta watu kuliko George Stroud? Watunga sababu ya uwongo ya kumtafuta huyo Jefferson Randolph, na simu yapigwa mpaka mji mdogo wa Wheeling, alikokuwa Stroud amekwisha kumfuata mke wake. Arudi kazini mara moja, aongoze msako. Stroud asikiliza habari za mtu anayetafutwa, alikunywa wapi, alikuwa na nani, na polepole damu yake yaganda. Ni yeye.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa nguo na mwenye nguo ni kitu kimoja.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini asiende polisi akasema yote? Ni swali la haki, na ubora wa picha hii ni kwamba yalijibu bila kutoa hotuba. Tumweke Stroud mbele ya hakimu. Ataulizwa: ulikuwa na marehemu usiku ule? Ndiyo. Mlikunywa? Ndiyo. Uliingia nyumbani kwake? Ndiyo. Chombo kilichomwua kililetwa na nani? Na mimi na yeye. Siku ile ulikuwa umegombana na Bwana Janoth, akakufukuza? Ndiyo. Basi unapomtaja yeye kuwa mwuaji, nani mwingine aliyemwona pale? Hakuna. Kila jibu ni kweli, na kila jibu lakaza kamba. Kinyume chake Janoth ana mali, ana magazeti, ana Hagen wa kuapa kwamba walikuwa pamoja. Tena kuna mke. Ile sehemu ndogo ya aibu, ya kunywa na mwanamke mwingine usiku wa fungate, ambayo Stroud aliona vema kuificha, ndiyo iliyompa adui nguvu. Kama asingekuwa na jambo la kuficha angalipiga kelele tangu saa ya kwanza. Yeye si mwuaji, lakini si mtu aliyenyoka pia, na picha haimwachilii katika jambo hilo.

Linganisheni na picha nyingine ya jamii hii, The Dark Corner ya mwaka 1946. Humo pia mpelelezi asingiziwa kuua: alevywa kwa dawa, akizindukana aona maiti chumbani na chuma cha kuchocha moto kimetiwa mkononi mwake. Ni kisa kizuri, lakini ni mtego uliotengenezwa. Mtu mbaya ameleta ushahidi wa uwongo, na akifichuliwa ushahidi wafa. Katika Saa Kubwa hakuna aliyehitaji kuleta cho chote. Hagen aliondoa tu. Yaliyobaki ni ya kweli yote, na kwa kuwa ni ya kweli, hakuna wa kuyafichua.

Basi msako waanza, na hii ndiyo sehemu iliyo tamu kuliko zote. Stroud akaa mezani pake, awapa watu wake kazi, nao ni hodari kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha. Hawezi kuwazuia wazi, watashuku. Hawezi kuwaacha waende wapendavyo, watamfikia. Kila mmoja arudipo na habari, Stroud sharti afurahi kama mkubwa wa kazi, na moyoni aone mlango mmoja umefungwa. Mtafutwa anywa kinywaji cha kijani: vema, andikeni. Alitafuta saa ya kijani: vema. Alinunua picha ya Bibi Patterson: vema sana, mtafuteni Bibi Patterson. Wakati huohuo, usiku na mchana, akitumia nguvu ya cheo chake, atafuta kwa siri dalili za kumshika mwuaji wa kweli. Kazi mbili kwa mikono miwili: mmoja wamtafuta George Stroud, wa pili wajaribu kuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Bibi Patterson akapatikana, akaletwa ofisini ili amchore mtu aliyenunua picha yake. Mchezaji wake ni Elsa Lanchester, mke wa Charles Laughton, naye aifanya sehemu hii kwa uchekeshaji mwingi. Aingia, amwona Stroud, amtambua palepale. Twangoja aseme. Hasemi. Wanunuzi wa picha zake ni wachache mno, na aona si busara kumpeleka mmoja wao gerezani. Akaketi, akachora, na walipokuja kuitazama kazi yake wakakuta michoro ya namna ya kisasa, mistari na maumbo, ambayo hakuna mama angemtambua mwanawe kwayo. Wako waliolalamika ya kuwa mchezo huu wa kuchekesha hauwi sawa na picha ya mauaji. Sisi twaona umekaa mahali pake. Katika mashahidi wote, huyu peke yake ndiye aliyepotosha ushahidi wake, na huyu peke yake ndiye aliyeisaidia kweli. Jambo hilo si raha kulifikiri, hasa kwa sisi ambao tumefundisha watoto kusema kweli siku zote mbele ya hakimu. Lakini ndivyo lilivyo katika kisa hiki.

Mashahidi wengine hawakuwa na hila kama yake. Mmoja wao aona ukumbini mtu anayemtafuta, asema: yumo ndani ya jumba hili. Mara milango yote yafungwa. Mashahidi wasimamishwa penye njia za kutokea wamtazame kila atokaye, na walinzi waanza kupekua jumba tokea orofa hata orofa. Stroud, aliyeuanzisha msako, sasa yu ndani ya wavu aliousuka. Hapo ndipo anapopanda ndani ya saa, na hadithi yafika pale ilipoanzia. Akiwa ndani, katika kujisogeza, aigusa mitambo na saa yasimama. Janoth, ambaye ameua mtu na bado huketi mezani ametulia, ashtuka saa inaposimama.

Mwisho wake tutausema kwa ufupi. Stroud amwingilia Janoth ofisini pamoja na dalili alizokusanya, lakini azielekeza kwa Hagen, si kwa Janoth. Hagen amgeukia bwana wake, akitumaini kuokolewa. Janoth amwahidi mawakili wazuri. Hagen afahamu maana yake: ameachwa. Ataka kusema yote, na Janoth ampiga risasi. Kisha tajiri akimbilia lifti, afungua mlango, aingia kwa haraka bila kutazama. Lakini lifti imekwama kati ya orofa, kwa sababu ya mapigano yaliyotokea kabla baina ya Stroud na mlinzi wa Janoth, mtu asiyesema neno. Janoth aanguka katika shimo.

Tuna lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba bahati imetumiwa kupita kiasi: mchoraji kuwa dukani saa ileile, lifti kukwama mahali pale pale. Ya pili ni nzito zaidi. Mwuaji hakufikishwa mbele ya hakimu, na kwa hiyo picha haikujibu lile swali gumu iliyoliuliza yenyewe. Stroud aliokolewa kwa kuwa Hagen na Janoth waligeukiana, si kwa kuwa ushahidi uliopimwa vizuri uliweza kumtoa. Kama wawili wale wangalishikamana usiku mmoja zaidi, ingalikuwaje?

Kisa hiki kilitokana na kitabu cha jina hilohilo cha Kenneth Fearing, mshairi wa Marekani, kilichotolewa mwaka 1946. Kitabu ni kikali kuliko picha. Humo Stroud ana mapenzi hasa na yule mwanamke, na mauaji yafanywa kwa chupa ya mvinyo. Watengenezaji wa sinema wa Marekani walikuwa na sheria zao juu ya mambo ya zinaa, zilizokazwa tangu mwaka 1934, na shujaa mzinzi hakuweza kupita salama mpaka mwisho. Ndiyo maana kwenye picha Stroud alala kitini. Tena kitabuni husimulia watu mbalimbali kwa zamu, kila mmoja na anayoyajua, kama mashahidi wanaoitwa mmoja mmoja. Na saa kubwa yenyewe kitabuni si kitu cha chuma. Ni mfano tu, mtambo usioonekana unaoendesha maisha ya watu wote, walio juu na walio chini. Jonathan Latimer, aliyekiandika upya kwa ajili ya sinema, aliugeuza mfano ukawa kitu cha kugusika, chenye ngazi na mlango. Twadhani alifanya vema, maana kamera haiwezi kupiga picha ya mfano.

Wengine wamekirudia kisa hiki baadaye. Katika picha ya Kifaransa Police Python 357 ya mwaka 1976, yenye kisa kinachofanana nacho sana, mpelelezi ni askari polisi, mchezaji wake Yves Montand, naye aogopa mashahidi kiasi cha kujiunguza uso kwa asidi ili wasimtambue. Mwaka 1987 kisa kikahamia Washington katika No Way Out, na mpelelezi akawa afisa wa jeshi la majini, mchezaji wake Kevin Costner. Humo saa imeondolewa. Mahali pake pana kompyuta, nayo imepewa kipande cha picha iliyoharibika, iliyookotwa nyumbani kwa marehemu. Mashine yaitengeneza taratibu, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Mpelelezi aingia chumbani mara kwa mara kama mtu anayesimamia kazi, atazama kioo, na kila aingiapo aona uso wake umekaribia zaidi kutokea.